Sonmati na Miguu ya Watu

Wiki ya kwanza Sonmati alipokaa kwenye sanduku la kupigia kiwi la marehemu mumewe, hakuna mwanamume hata mmoja aliyemwekea mguu.

Si kwamba watu hawakupita. Stesheni ya treni ya Andheri asubuhi ni mzinga wa nyuki uliochokozwa. Watu hawaendi, wanamiminika, na viatu vyao vina vumbi la kutosha kupandia mchicha. Tena wengine walimsogelea kabisa. Mguu ulinyanyuka kwenda kwenye kile kibao cha kuwekea kiatu, halafu macho yakamwona aliyekaa nyuma ya sanduku: mama mtu mzima, ncha ya sari imefunika nywele, mikono mitupu ya mjane, isiyo na bangili hata moja. Hapo mguu ulirudi chini kama uliokanyaga kaa la moto.

"Nisamehe mama," alisema mmoja, mkono kifuani. "Asubuhi asubuhi hii siwezi kukunyooshea mguu. Nitakosa radhi."

"Radhi gani? Si mimi mwenyewe ninayekwambia weka?"

"Hapana mama. Wewe na mama yangu umri mmoja." Akavuka, akaenda kuweka mguu kwa Jagroop.

Jagroop alikuwa mpiga kiwi wa sanduku la jirani. Yeye na Bisheshar, mume wa Sonmati, walitoka mkoa wa Bihar pamoja wakiwa vijana, wakakaa bega kwa bega pale jukwaani mpaka masharubu ya Jagroop yakageuka meupe na moyo wa Bisheshar ukasimama. Sasa wateja wa masanduku mawili walikuwa wanamjia yeye peke yake, na jambo hilo lilimkera kuliko njaa.

"Shemeji, hebu kaa vizuri," alimwambia. "Umekaa kama muuza samaki. Mtu akikuona anatafuta mizani."

"Na wewe umekaa kama kwamba samaki ni wewe. Nigawie huyo anayekuja."

"Nimgawe vipi? Huyu si mkate!" Lakini mtu alipofika, Jagroop alikunja uso akashika kiuno. "Mgongo unaniuma, kaka. Nenda kwa huyo mama, mkono wake mwepesi." Mtu akamtazama Sonmati, akatazama viatu vyake, akasema havijachafuka sana.

Lililomuuma Sonmati zaidi ni la kijana mmoja mwenye mkoba wa kompyuta. Alisimama mbele yake muda mrefu, Sonmati akashika brashi tayari. Mara kijana akainama, akamgusa miguu kama mtoto anayeomba baraka, akaweka noti juu ya sanduku, akaondoka. Sonmati aliinuka akamkimbiza mpaka kwenye ngazi.

"Wewe! Chukua pesa yako!"

"Mama, ni kidogo tu…"

"Sikai pale kuomba. Ukitaka kunipa, nipe kiatu."

Kijana aliona haya, akaipokea noti yake. Kiatu hakutoa.

Mahali pale jukwaani palikuwa pa chama cha wapiga kiwi, na sheria ya chama ilikuwa wazi: mwenye sanduku akifariki, mke au mtoto anaweza kukaa, wasipotaka, anapewa mwingine aliye kwenye foleni. Umesh, mwana pekee wa Sonmati, hakutaka. Umesh aliuza simu kwenye duka moja la jengo la vioo, alivaa shati lenye nembo na raba nyeupe, na kama kuna kitu alichokuwa amekimbia tangu shuleni, ni harufu ya kiwi. Watoto walikuwa wanaziba pua akipita. Hakuwahi kumsimulia baba yake.

Mama yake alipotangaza kwamba atakaa yeye, Umesh aliweka kijiko chini.

"Mama, utashika miguu ya waume za watu?"

"Miguu hiyo hiyo ndiyo iliyokusomesha."

"Najua. Ndiyo maana nikasoma, ili wewe usiishike."

"Basi umesoma, hongera. Sasa nipishe nikafanye kazi."

Rinki, mke wa Umesh, alikuwa anakanda unga wa chapati. Alicheka akajifanya anakohoa, na mumewe akamwangalia kwa jicho baya.

Kusema kweli Sonmati hakuwa mgeni wa kazi ile. Kwa miaka mingi Bisheshar alipokuwa anarudi na viatu vya kushonwa au vya kubadilishwa rangi, walivifanya pamoja pale mlangoni, huku dengu zinachemka. Alijua ngozi ipi inakunywa kiwi na ipi inaitema. Lakini kujua kupika ni kitu kimoja, na mgeni kukubali kula ni kingine.

Jumapili hiyo alikaa kizingitini amenuna. Umesh alikuwa amelala, na raba zake nyeupe zilikuwa pale pale nje, zimetapakaa tope. Bila hata kufikiri, Sonmati akazipakata mapajani akaanza kuzifuta kwa kitambaa chenye maji. Rinki alitoka na beseni la nguo, akasimama.

"Mama, hao wanaume wako wangekuona sasa hivi wangezimia."

"Kwa nini?"

"Umepakata kiatu cha mwanao."

"Kiatu si mguu. Kiatu kitupu ni chombo tu, kama sufuria. Hata…" Kitambaa kikasimama hewani.

Rinki naye akaliona. Wakatazamana, wote wawili wakaanza kucheka kwa nguvu hata Umesh akaamka na kuuliza kuna nini.

Lilibaki jambo moja. Mtu akivua viatu jukwaani, atasimama na nini? Sakafu ya stesheni si ya kuweka soksi. Sonmati aligeuza macho. Pembeni ya mlango, tangu siku waliyombeba Bisheshar, zilikuwa pale kandambili zake za bluu. Hakuna aliyethubutu kuziondoa. Rinki alipofagia, alifagia kuzizunguka. Visigino vya marehemu vilikuwa vimechimba mpira, na alama ya kidole gumba cha kulia, kile kilichopinda, ilionekana kabisa.

Sonmati alizichukua, akaziosha, akaziosha tena bila sababu. Halafu akazitia mfukoni pamoja na makopo ya kiwi.

Jumatatu alizipanga mbele ya sanduku, pua zikiangalia watu. Akangoja. Hakungoja sana, kwani Bwana Karkhanis alikuwa anakuja.

Bwana Karkhanis alikuwa karani wa bima, mnene wa haja, mpole, mteja wa Bisheshar wa siku nyingi. Tangu msiba alikuwa akipita mbele ya Sonmati akiangalia paa la stesheni, kama anayehesabu njiwa. Viatu vyake vilikuwa vimekuwa vya kijivu. Kwa Jagroop hakwenda, isionekane kamsaliti marehemu. Kwa Sonmati hakuthubutu.

"Bwana Karkhanis!" Sonmati aliita. "Njiwa wamezaana wangapi leo?"

Alisimama kama mwizi aliyeshikwa. "Ah… hujambo, mama Umesh."

"Vua."

"Nivue nini?"

"Viatu, bwana! Unadhani nini? Vua viatu, vaa hizo, nipe hivyo. Sitaki mguu wako. Mguu wako kaa nao."

Jagroop aliacha kupiga brashi. Bwana Karkhanis alitazama kandambili, akatazama kulia na kushoto, akainama kwa taabu akifungua kamba. Soksi ya kushoto ilipotokea, kidole kikubwa kilikuwa nje kizima, kimesimama kama mwenyekiti. Jagroop alikiona, akageuka upande wa reli, mabega yakimcheza.

"Mke wangu amekwenda kwa dada yake," alijitetea Bwana Karkhanis.

"Na sindano amekwenda nayo?" Sonmati aliuliza, kiatu kishakuwa mapajani.

Alikishughulikia kama mtu anayemwogesha mtoto. Akakigeuza, akakwangua tope la ukingoni, akaingia kwenye mishono ambako brashi haifiki kiatu kikiwa kimevaliwa. Bwana Karkhanis alianza kuchezesha vidole ndani ya kandambili. Kisha akafumba macho.

"Aisee," alisema. "Miguu inapumua."

"Hizo zilikuwa za Bisheshar."

Alifumbua macho haraka, akaziangalia, na kwa muda hakujua aondoe miguu au aiache. Sonmati naye alikuwa anaiangalia. Alikuwa ameogopa asubuhi nzima kwamba atakapoona miguu ya mtu mwingine mle ndani hataweza kuvumilia. Lakini ile miguu mipana, na soksi yake iliyotoboka, ilisimama mle kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa chumba cha mwenye nyumba.

"Simama tu," akamwambia. "Alikuwa anakupenda. Alisema unajua kusengenya."

Habari ilienea. Kila mtu akataka kuvua. Wazee wakaja kwa sababu ya miguu inayovimba, vijana wakaja kwa sababu hakuna dhambi tena, na wote wakagundua kwamba viatu vilirudi vinang'aa mpaka ukingoni. Kwa upande mwingine, Andheri nzima sasa ilijua siri za soksi. Mabwana waliovaa tai za hariri walitoa visigino kama viazi vilivyomenywa nusu. Sonmati hakumwonea mtu huruma. "Nitamwambia mke wangu…" alianza mmoja, naye akamkatiza: "Mkeo ana kazi zake. Jifunze kushona." Baada ya wiki chache mabwana wengi walianza kuja na soksi mpya, na Jagroop akasema mwuza soksi wa darajani anapaswa kumtolea shemeji kamisheni.

Halafu ikafika asubuhi ya kuagwa kwa Bwana Karkhanis kazini.

Alikuja mapema, suruali mpya imepigwa pasi ya kukata nyanya, amenyoa vizuri. "Leo nipigie kama cha bwana harusi, mama Umesh. Ndiyo siku yangu ya mwisho kazini. Watanivika shada la maua, mkurugenzi atasema maneno."

"Yatakuwa ya kweli?"

"Nusu yake."

Akavua, akavaa kandambili, akasimama akisoma gazeti. Sonmati aliamua hivi viatu vitapigwa kiwi tabaka juu ya tabaka. Alikuwa amemaliza cha kulia, cha kushoto ndiyo kwanza kinapakwa, kipaza sauti kilipokoroma: treni ya haraka ya kwenda Churchgate haiji hapa, inakuja jukwaa la pili. Na kweli, ilikuwa tayari inaingia.

Mtu ambaye hajaona umati wa Andheri ukigeuka hawezi kuelewa. Haukuulizi. Bwana Karkhanis alisema, "Ngoj—", wimbi likambeba. Sonmati aliona gazeti likipepea juu ya vichwa, akaona kandambili ya bluu ikipanda ngazi, kisha akaiona tena upande wa pili, mlangoni mwa behewa, mwenyewe amening'inia na anapunga mkono kwa huzuni. Treni ikaondoka naye kwenda Churchgate, mwisho wa reli, kulikokuwa na ofisi yake.

Sonmati alibaki na viatu viwili mkononi, kimoja kinang'aa kama kioo, kingine cheusi tii bila mwanga.

"Ataenda kuvikwa shada na kandambili," alisema Jagroop, na safari hii hakucheka.

"Hawezi." Sonmati alifunga ncha ya sari kiunoni. "Shemeji, angalia sanduku."

"Unakwenda wapi?"

"Churchgate."

"Churchgate unaijua wewe?"

"Treni inaijua."

Treni iliyofuata haikukawia. Alijisukuma ndani ya behewa la wanawake, kitambaa begani, kopo la kiwi kiganjani, viatu vimeinuliwa juu visiguswe. Mwanamke kwa mwanaume, wakimwona mtu kashika kiatu juu namna ile, wote wanajua kinachofuata ni kipigo. Behewa zima likageuza shingo.

"Mama," aliuliza msichana mmoja mwenye miwani, "unakwenda kumchapa nani?"

"Simchapi mtu. Mume wa mwenzetu kaniachia viatu vyake."

Kilicholipuka hapo hakikuwa kicheko cha watu wenye adabu. "Kakukimbia bila viatu?" "Mkewe kawafumania, nini?" Ilibidi aeleze: sanduku, mumewe, kandambili, kuagwa kwa Bwana Karkhanis. Alipofika kwenye shada la maua, kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Mama mmoja aliyekuwa anakata bamia mapajani akakusanya bamia zake, akasogea. Aliyekuwa jirani naye akasogea. Katika behewa la saa ile, ambamo hata pumzi hupatikana kwa zamu, Sonmati alipewa kiti.

"Haya maliza hicho cha kushoto," aliamuru mwenye bamia. "Kabla hatujafika."

Akamaliza, huku wanawake wamemwinamia kama wanaoangalia mtoto mchanga. Msichana mwenye miwani alishika kopo. Kila kituo watu walipotaka kumkalia, sauti zilipigwa: "Angalia viatu! Angalia viatu!"

Churchgate aliteremka na kuanza kutafuta. Hakutafuta sana. Kwenye benchi la mwisho, karibu na kibanda cha chai, mwanamume mnene aliyenyoa vizuri alikuwa amekaa ameweka mkoba juu ya miguu yake, anatazama paa.

"Njiwa wa huku wamenenepa?" Sonmati aliuliza.

Bwana Karkhanis alishtuka, akaona viatu. Kisha uso ukamkunjika. "Mama Umesh, nimefanya kosa kubwa." Akaondoa mkoba. Mguu mmoja ulikuwa kwenye kandambili. Mwingine ulikuwa na soksi tu, nyeusi, mpya, imechanika. "Msukumano mlangoni. Ikadondoka relini. Moja ya Bisheshar. Bora ningepoteza kiatu changu."

Sonmati alikaa kando yake. Alitazama ile kandambili moja iliyobaki, ya kulia, yenye alama ya kidole kilichopinda. Alijua angelia, na alilia kidogo, akajifuta na kitambaa cha kiwi mpaka shavu likawa jeusi. Halafu akaanza kucheka.

"Huyo bwana," alisema, "maisha yake yote hakuwahi kuipanda treni ya Churchgate. Na leo kaifuata. Mwache."

"Hukasiriki?"

"Nitakasirika ukichelewa. Vaa."

Bwana Karkhanis alijaribu kuinama. Ile suruali mpya ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya kusimama. Alijaribu tena, akahema, kifungo kikalalamika. Sonmati akaguna, akapiga goti sakafuni, akamshika kifundo cha mguu, akaupangusa vumbi, akautia kwenye kiatu. Akachukua wa pili. Akafunga kamba, fundo mara mbili, kama alivyokuwa akimfungia Umesh siku za shule. Mtu yule aliyekuwa anapita akitazama njiwa alinyoosha mguu wake bila neno, kama anavyonyoosha mtoto kwa mama yake, na hakuna kati yao aliyekumbuka mambo ya radhi mpaka kazi ilipokwisha.

Alipokumbuka, alisimama akaunganisha viganja. "Njoo nami. Uketi mbele. Nitawaambia huyu ndiye aliyenileta."

"Na shavu hili? Nenda bwana, wasije wakamvika shada mtu mwingine. Nimeacha sanduku na Jagroop, atakuwa anawatukana wateja wangu."

Alimwangalia akienda, viatu vikimulika kila hatua. Safari ya kurudi alinunua glasi ya chai, akainywa taratibu akitazama bahari inayopita kati ya majengo, kwa mara ya kwanza tangu afiwe bila haraka ya kufika popote.

Bwana Karkhanis alistaafu lakini Andheri hakuiacha. Baada ya siku chache alikuja na boksi la vitamutamu na kandambili mpya jozi kadhaa, za kila saizi, hivyo Sonmati akaweza kuhudumia watu watatu kwa pamoja. Aliyesimulia zaidi hadithi ya treni hakuwa yeye, wala Sonmati. Alikuwa yule msichana mwenye miwani, ambaye alifanya kazi ghorofa moja na Umesh. Aliisimulia wakati wa chakula, na kila mtu akacheka, na Umesh akacheka pamoja nao, kisha akasukuma wali wake pembeni ya sahani.

Siku ya mapumziko yake alitokea jukwaani, bila kuaga nyumbani, na chupa kubwa ya plastiki mkononi.

"Ni nini hiyo?" Sonmati aliuliza.

"Povu la kusafishia raba. Mama, hebu tazama watu. Nusu yao wamevaa raba. Kiwi itawasaidia nini? Wanapita tu."

"Wapite. Viatu vya kitambaa si viatu, ni soksi zenye kiburi."

"Haya. Mimi nimesema." Akaweka chupa juu ya sanduku, lakini hakuondoka.

Kijana mmoja mwenye raba nyeupe zilizochafuka aliona chupa, akasimama. "Mama, mnasafisha hizi?"

Sonmati alimtazama mwanawe, akatazama chupa. "Tunasafisha. Vua."

Alimwaga povu. Alimwaga kana kwamba anafua mashuka. Likafurika, likameza kiatu, likateremka mapajani. "Mama, mama, kidogo!" Umesh alisema. "Tone tu! Utaiyeyusha gundi!" Sonmati akaongeza brashi na povu likaongezeka. Jagroop akauliza kama shemeji anapiga kiwi au anafungua saluni.

Umesh alitazama upande wa ngazi, akatazama upande wa reli. Kisha akapandisha mikono ya shati, akachuchumaa kando ya mama yake, akachukua kiatu cha pili.

"Hivi," alisema. "Mviringo, mviringo. Usikandamize."

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Si ndivyo unavyosafisha za kwangu kila Jumapili ukidhani nimelala?"

Aliiga mkono wa mwanawe, mviringo, mviringo, na kile kiatu kikaanza kuonyesha weupe.

"Umesh!" Jagroop alipaza sauti. "Baba yako alikuwa ananiibia mteja mmoja mmoja. Nyie mnakuja ukoo mzima!"

"Mjomba Jagroop, lete brashi yako nikufundishe na wewe."

"Unifundishe mimi? Nilikuwa napiga kiwi wewe hujui kujifuta kamasi!" Lakini alikuwa ameshasogeza sanduku lake, polepole, mpaka likagusana na lao, na alikuwa amenyoosha shingo kuona.